Nusu ya Kitambaa Anakaa Nayo Nani?

Juma lililopita binti mmoja wa takwimu za afya alikuja nyumbani kwangu Busanza. Fulana safi, tableti mkononi, salamu nzuri. Akaniuliza jina langu, namba ya simu, namba ya kitambulisho, na watu wangapi wanalala humu ndani. Nikamwambia nimesahau.

"Umesahau jina lako, mama?"

"Nimesahau. Ni uzee."

Akabonyeza kitu kwenye tableti yake, akaaga, akaenda kwa jirani. Mjukuu wangu alikuwa sebuleni akicheka hadi machozi. "Bibi, si wewe uliyefanya kazi hii hii maisha yako yote?" Ndiyo, ni mimi. Na ndiyo sababu nilisahau.

Basi nyinyi vijana mnaoanza kazi hii, kaeni niwaeleze, msije mkadhani bibi yenu amechanganyikiwa. Mimi sikatai takwimu. Nimeona kwa macho yangu takwimu zikipandisha chanjo mlimani ambako hapo kabla haikupanda. Ila najua pia kwamba karatasi haina rafiki. Inamtumikia yeyote anayeishika.

Kazi nilifundishwa na Faustin. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajaingia ofisi ya afya, na tulisikia aliacha ualimu baada ya kugombana na mkuu wake wa shule kuhusu matokeo ya mtihani yaliyopendeza kupita kiasi. Mkali sana, mkimya, koti lake moja la kahawia mvua na jua. Alishuku kila kitu. Alishuku mizani, saa ya ukutani, hata chai ya ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia Nyamirambo ukubwani, akibadilisha l na r apendavyo, na sisi wenyeji tukimcheka chini chini.

Siku zangu za kwanza alinipeleka zahanati moja kukagua daftari la wagonjwa. Nililipenda daftari lile: mwandiko mzuri, hakuna kufutafuta, na joto la kila mgonjwa limeandikwa. Nikamwambia, "Hawa wanafanya kazi vizuri." Faustin akapitisha kidole kwenye safu ya joto. Wote thelathini na saba. Mwenye malaria thelathini na saba, mwenye kidonda thelathini na saba, mtoto mwenye degedege thelathini na saba. Akamuita muuguzi na kumwomba kwa upole amwonyeshe kipimajoto. Kipimajoto kilikuwa kimevunjika tangu Pasaka.

"Saida," aliniambia tukitoka, "namba zikikaa kwa adabu sana, uliza nani amezichapa."

Hilo lishikeni. Na mengine madogo madogo niliyojifunza kwake na kwa kina mama ni haya. Ukifika nyumbani kwa watu usitoe kalamu kabla hujakaa. Ukipewa maji, kunywa. Usimuulize mama ana watoto wangapi, maana wengi kwetu hawapendi watoto wao wahesabiwe kama mbuzi wa mnada, na aliyefiwa utamtonesha mbele ya majirani. Muulize nani wanakula sufuria hii, nani alilala kwa homa tangu mvua zianze. Umri wa mtoto usiutafute kwa miaka, tafuta alizaliwa mahindi yakiwa wapi. Na kabla ya kuamini kadi ya chanjo, kunja mkono wa shati la mtoto utazame lile kovu dogo la sindano ya kifua kikuu. Kadi huazimwa kwa jirani. Kovu haliazimwi.

Sasa niwapeleke Nyamirambo, kwetu, miaka ile ya vita. Mapigano yalikuwa kaskazini, lakini mjini kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Vita vilipoanza, mwaka 1990, watu walichukuliwa majumbani mwao mchana kweupe wakajazwa uwanjani bila kuambiwa kosa lao. Mmoja wao alikuwa Mzee Yusufu, mume wa Mama Hadija, fundi cherehani aliyekuwa jirani yetu upande wa juu wa mlima. Alirudi baada ya majuma, amekonda, haongei. Jambo lililomkosesha Mama Hadija usingizi halikuwa tu kipigo cha mumewe. Alitaka kujua walijuaje mlango upi wa kugonga. Mtaa mzima walipita, wakagonga kwake.

Mama Hadija huyu alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga. Alikuwa na mabinti wawili, Hadija na mdogo wake, na yule mdogo aliondoka na surua. Baadaye akajaliwa Zuberi, kitinda mimba, ambaye wakati ninaousimulia alikuwa akitambaa chini ya cherehani na kula nyuzi. Zuberi hakuwa amechanjwa. Chanjo ilitolewa chini kabisa, zahanati, siku zilizobadilishwa bila taarifa, na kuteremka mlima ule na mtoto wakati wa mvua kisha kuambiwa urudi kesho kulimshinda mtu yeyote mwenye kazi. Mama Hadija aliogopa surua kuliko alivyoogopa risasi, na alisema hivyo waziwazi.

Ofisini kwetu, kwa upande mwingine, mlima wa juu ulionekana mzima kabisa. Daftari la zahanati lilionyesha watoto wa chini wanaugua surua na kuhara, wa juu karibu hakuna. Wakubwa wakaamua: kisanduku cha barafu chenye chanjo kibaki chini, kwenye wagonjwa. Mwisho wa kikao Faustin akasema, "Mlima usio na wagonjwa uko mbinguni, ama hauna njia ya kushuka." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaomba tuende nyumba kwa nyumba, tuiletee ofisi hesabu ya wale ambao daftari halijawahi kuwaona. Wakamkubalia ili anyamaze.

Kwa kazi ya nyumba kwa nyumba tulikuwa na desturi tuliyoikuta na hakuna aliyewahi kuihoji. Ukimaliza nyumba, unaweka alama ya chaki mlangoni ili mwenzako asirudie. Mstari mmoja: nyumba haina watoto wadogo. Duara: inao. Rahisi, haraka, na mvua inafuta yenyewe. Tukapanda mlima siku ya kwanza, tukauliza, tukaandika, tukachora. Kwa Mama Hadija nilichora duara kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akiwa sokoni na Hadija ndiye aliyenijibu maswali.

Asubuhi ya pili tulipopanda, nilisimama katikati ya njia. Kila mlango ulikuwa na duara. Kila mmoja. Nyumba ya wazee wasio na mtoto, duara. Duka la mafuta ya taa, duara. Choo cha nyuma ya msikiti, duara, tena kubwa. Hata mlango wa konseye, yaani kiongozi wa serikali wa pale mtaani, ulikuwa na duara zuri lililochorwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Na haikuwa chaki yetu ya shule. Ilikuwa ile chaki bapa ya bluu ya mafundi nguo.

Mafundi walikuwa barazani, cherehani zinakwenda, hakuna anayetutazama. Nikamwendea Mama Hadija. Hakunikaribisha kiti.

"Saida, ile alama iko ya nini? Sema kweli. Mimi nilikubeba mgongo."

"Iko ya surua, Mama Hadija. Ya kujua wapi tumepita."

"Surua inasoma alama? Oya, sha, hapana. Mwenye kusoma alama iko mtu."

Faustin akaingilia kwa heshima. Akaeleza kuhusu daftari, kuhusu wakubwa, kuhusu kisanduku cha barafu. Mama Hadija akamsikiliza huku akikanyaga cherehani, kisha akanyoosha mkono, akaomba karatasi yetu aione. Juu kulikuwa na mstari wa jina la mkuu wa familia. Chini yake mstari wa kabila, maana siku zile hapakuwa na karatasi ya serikali isiyouliza kabila. Chini yake, wangapi wanalala humu, na wageni wametoka wapi.

"Muzehe," akamwambia Faustin, "surua inauliza kabila?"

"Hapana."

"Inauliza mugeni ametoka wapi?"

Faustin akaichukua karatasi, akaisoma upya. Mimi nilimjua kuwa mtu wa kushuku kila namba, lakini karatasi yenyewe, maswali yenyewe, alikuwa hajayashuku, wala mimi. Tuliyakuta yamechapwa. Nikaona aibu, na nikaona hasira pia, kwa sababu niliona kazi imekufa. Bila hesabu ile, chanjo isingepanda, na mvua za surua zilikuwa zinakuja.

Sasa hapa msije mkadhani tulipata hekima kutoka mawinguni. Tulipata kutoka kwenye suruali. Faustin alikuwa amempelekea Mzee Yusufu suruali yake ipunguzwe kiuno, na siku ya tatu alikwenda kuichukua. Mafundi wa kwetu hawakuandika majina ya wateja. Ukileta kazi, fundi anachukua kipande cha kitambaa, anakichana katikati kwa mkono, nusu anaibana kwenye nguo yako, nusu anakupa. Ukirudi, nusu zako zikikutana uzi kwa uzi, nguo ni yako. Zisipokutana, hata ukiapa kwa Mungu, huondoki nayo. Faustin akaitoa nusu yake mfukoni, Mzee Yusufu akaikutanisha na nusu iliyokuwa kwenye suruali, bila neno. Faustin akasahau kuichukua suruali. Alirudi ofisini anakimbia.

Makubaliano yalichukua mchana mzima, maana Mama Hadija alibishia kila neno. Karatasi mpya tuliandika kwa mkono: hakuna jina, hakuna kabila, hakuna wageni. Umri wa mtoto, kovu, ugonjwa, maji yanatoka wapi. Juu ya karatasi namba tu. Kila nyumba kitambaa kinachanwa. Nusu anabaki nayo mama, nusu ya pili inaandikwa ile namba. Ofisi ingekaa na karatasi. Na nusu zenye namba?

"Zinakaa kwangu," Mama Hadija akasema. "Kwa kopo ya maziwa, pale juu."

"Ofisi haitakubali," nikasema.

"Basi ofisi ibaki na chaki yake."

Faustin akacheka. Kwa miaka yote ile ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka kwa sauti. Akakubali, na ofisini hakumwambia mtu.

Ilikuwa kazi ya taabu, nisiwadanganye. Watoto walichezea vitambaa. Mama mmoja alishonea nusu yake kiraka cha blauzi, ikabidi tumsimamishe mlangoni tumkutanishe bega lake na kopo. Lakini watu walifungua milango. Walijibu. Kina mama waliokuwa wameniambia nyumbani hakuna mgonjwa siku ya chaki, sasa walinitolea watoto wenye macho mekundu kutoka chumba cha nyuma. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya kwanza karatasi zetu zote zilikuwa za uongo, na tungezipeleka kwa wakubwa kwa furaha.

Hesabu ilipokwisha, ilionyesha alichoshuku Faustin: juu waliugua kuliko chini, ila waliugulia ndani na kuzikwa kimya. Aliiweka mezani kwa wakubwa. Safari hii hawakucheka.

Kabla chanjo haijapanda, konseye alitutembelea. Alikuja ofisini akitabasamu, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Mtu akianza kuwajali watoto wako ghafla, jifunge mkanda.

"Mumefanya kazi nzuri kwa mtaa yangu," akasema. "Sisi ni serikali moja, si ndiyo? Munipe ile kopi ya familia. Nani iko wapi, wanalala wangapi. Ni kwa usalama."

Faustin akamsogezea karatasi zote. Konseye akazipekua, akazipekua tena. Umri, kovu, kuhara, kisima.

"Namba kumi na nne ni nyumba gani?"

"Sijui," nikasema.

"Unaandika nyumba na hauijui?"

"Sijui, mheshimiwa. Hatuandiki."

Na ilikuwa kweli, wanangu. Nilikuwa naogopa, lakini sikuwa na uongo wa kukumbuka. Ndiyo faida ya kutokujua: hata ukibanwa, huna cha kutoa. Alituangalia mimi na Faustin kwa zamu, tabasamu likiwa pale pale, kisha akauliza kwa upole kama ni kweli kuna kopo. Mji ule hauna siri. Faustin akasema yeye anajua kopo la chai tu.

Chanjo ikapanda. Mlikuwa hampo, lakini ningependa mngewaona wale kina mama wamejipanga barazani kwa mafundi, kila mmoja na kitambaa chake, kidole gumba juu yake, Mama Hadija kiti cha mbele na kopo mapajani, akikutanisha, akitaja namba, nasi tukitafuta karatasi. Mwenyewe alikuwa wa mwisho. Alifungua kisanduku akagusa barafu kuhakikisha. Akanusa dawa. Kisha akaniambia, "Wako kwanza." Nikamleta mwanangu Salumu akachomwa sindano ya pili ambayo hakuihitaji, akalia, Mama Hadija akamtazama kwa muda mrefu, ndipo akamtoa Zuberi. Msimu ule surua ilipita chini yetu. Zuberi hakuugua.

Ningependa kuishia hapo. Hadithi nyingi za kazi zinaishia kwenye sindano.

Aprili ya mwaka 1994 mnaijua. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mmefundishwa shuleni, na mimi sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Nitasema la kopo tu. Siku za mwanzo kabisa, watu wa konseye walifika kwa Mama Hadija wakalitaka. Walikuwa bado wanazikumbuka zile karatasi, na walitaka kujua nyumba zipi zina watoto wengi kuliko wanaoonekana. Aliwapa kopo. Lilikuwa tupu. Nusu zote alikwisha kuzimwaga kwenye gunia la vipande vya kujazia magodoro, na barazani pale yalikuwepo magunia hadi darini. Waliyatoboa magunia, wakatawanya vitambaa barabarani, wakachoka. Walivyokuwa wakitawanya hivyo, kulikuwa na watu nyuma ya magunia yale, na sitawataja.

Lakini asije mtu akawaambia kopo liliokoa mlima. Wauaji walikuwa na orodha nyingine, nzuri kuliko yetu, zilizoandikwa na watu wenye subira, na pale orodha ilipokosekana jirani alinyoosha kidole. Mzee Yusufu walimchukua mara ya pili. Hakurudi. Faustin alitoka nyumbani kwake Gatsata asubuhi moja akiwa na koti lake la kahawia, na hakuna aliyeweza kuniambia alifika wapi. Nimemtafuta kwa kuulizia, kazi niliyoijua vizuri kuliko zote, na sikupata jibu. Bado inaniuma.

Vita vilipokwisha, mji ulikuwa unanuka na watoto walikuwa wanaumwa tena. Ofisi mpya ikataka kuchanja upya, na mimi nikapanda mlima kumtafuta Mama Hadija. Nilimkuta barazani. Alikuwa amekusanya vitambaa barabarani, vyote alivyoweza, amevifua, amechambua zile nusu zenye namba na kuzirudisha kwenye kopo. Wino ulikuwa haujatoka. Tukatangaza, na kina mama wakaanza kuja. Niliwaona watu waliopoteza nyumba, vyombo, vitambulisho, wakifungua ncha ya kitenge na kutoa kipande cha kitambaa. Mama Hadija akakutanisha, uzi kwa uzi, akataja namba. Tulikaa hivyo majuma.

Kisha hakuja mtu tena. Kopo lilikuwa halijaisha. Nusu zilizobaki zilikuwa nyingi, nami nikazigusa moja baada ya nyingine, maana kila moja ilikuwa mlango niliopewa maji ya kunywa. Nikatoa kalamu. Tabia ya kazi.

"Tuziandike," nikamwambia.

"Uandike nini? Hazina majina."

Nikageuza nusu moja mkononi: namba tu.

"Ndivyo tulitaka, Saida. Tulitaka asijue mtu."

"Lakini wewe unajua nani alikuwa na kipi."

"Najua yote. Moja moja." Akafunika kopo. "Kwa karatasi siyatoi."

Amefariki, Mungu amrehemu, na kopo analo Zuberi, ambaye sasa ndiye fundi pale barazani na ana watoto wake, wamechanjwa wote. Kila Aprili analishusha, analifuta vumbi, analirudisha juu. Sijawahi kumwomba alifungue.

Kwa hiyo, wewe binti wa tableti, rudi. Sina kinyongo na wewe, na jina langu nalikumbuka vizuri sana. Nitakukaribisha kiti na maji, nitakujibu sukari yangu, presha yangu, magoti yangu, kila kitu kitakachomsaidia bibi mwingine mahali pengine. Ila kabla hujabonyeza hicho kioo, utaniambia nusu yangu iko wapi, na ile nyingine anakaa nayo nani.